Straika Mholanzi aliyetufundisha mpira Guangzhou, na siku niliyojitoa uwanjani mwenyewe

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio nyumbani na tulio mbali.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi na mwandishi wa nadra. Leo nimefunga ofisi mapema, chai ya tangawizi ipo pembeni, nikaona niwasimulie jambo lililonitokea hapa Guangzhou mwaka huu. Sitaongeza neno. Hata ningetaka nisingethubutu, maana mashahidi wanazidi ishirini, baadhi wamo humu jukwaani na midomo yao naijua.

Uzi ni wa mpira, lakini hata kama hujui kuotea ni kitu gani, kaa. Nitakwenda taratibu.

Kwanza mnifahamu kidogo.

Nina miaka arobaini na mbili, mtoto wa Temeke, na hapa nipo mwaka wa kumi na moja. Kazi yangu ni cargo. Ukija kutoka Dar kununua nguo Zhanxi au vitambaa Zhongda, mimi ndiye ninayekusanya mzigo wako na wa wenzako, naupanga kwenye container moja, unakwenda nyumbani. Ofisi yangu ipo Dengfeng, ghorofa ya pili, juu ya duka la simu.

Mtaani wananiita Tisa. Kibao cha mlangoni kimeandikwa Tisa Cargo. Wachina wa maghalani wananiita Jiu Laoban, yaani Bosi Tisa.

Jina hilo nimelipata uwanjani. Kwa miaka minane nilikuwa namba tisa, mshambuliaji wa kati, wa timu ya Wabongo hapa mjini.

Sasa niwaeleze kitu ambacho mtu wa nyumbani hawezi kukijua mpaka aelezwe.

Timu yetu ni ya wafanyabiashara. Mtu anakuja na visa ya siku thelathini, ananunua, anacheza Jumapili tatu, anaondoka. Jumapili hii una winga hatari, Jumapili ijayo winga yupo Kariakoo anashusha marobota. Hata sisi tunaoishi hapa, container ikiangukia kufungwa Jumapili, hatuonekani. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusimama akasema kikosi chetu ni hiki. Kitu pekee kisichopanda ndege ni jezi.

Ndipo ikazaliwa mila yetu: anayenunua jezi ndiye anayechagua namba.

Miaka minane iliyopita nilinunua seti nzima pale Zhanxi, jezi kumi na nane na za kipa mbili, nikachagua tisa. Nikaenda nayo mbele katikati, nikakaa hapo. Zikichakaa nanunua nyingine, na tisa inabaki kwangu.

Miaka ya mwanzo sikuwa mbaya, wakuu. Nilifunga. Lakini umri una adabu zake. Goti la kulia likaanza kulalamika, kisha la kushoto likaliunga mkono. Misimu miwili iliyopita nilifunga goli moja tu, na hilo mpira ulinigonga mgongoni ukaingia.

Hakuna aliyeniambia kitu. Utamwambiaje mtu ambaye jezi uliyovaa ni yake na mzigo wako upo ghalani kwake?

Na kila mwaka jamii za Kiafrika hapa zinaandaa kombe dogo. Timu nane, uwanja wa kukodi kule Baiyun, nyasi za bandia. Sisi Wabongo hatukuwahi kulibeba. Wanaotutoa karibu kila mara ni Wakongo wa Lubumbashi, na kapteni wao ni mnunuzi wa viatu anayeitwa Papa Trésor. Mtu mzima, kanisa hakosi, lakini mdomo wake ukiwa uwanjani hauna maombi hata kidogo.

Basi. Turudi mwanzoni mwa mvua mwaka huu.

Nilikuwa na mteja wangu Suleiman, Mzanzibari, kijana wa miaka thelathini, mfanyabiashara wa vitambaa. Kwa kawaida anakaa wiki tatu anaondoka. Safari hii alikuwa na oda ya vitambaa vya kanzu ambavyo kiwanda kilikuwa kinavitia rangi, kikamwambia subiri miezi miwili. Akabaki, na Jumapili akawa anadaka kwetu. Kipa. Kwa nini kipa? Kwa sababu alifika wa mwisho, na jezi iliyobaki ilikuwa ya kipa. Ndivyo tulivyokuwa tunapanga timu.

Siku hiyo tulikwenda Zhongda kutafuta vifungo. Tukaingia kwenye kiduka cha dada mmoja wa Kichina, Dada Lin. Mle ndani vifungo vimepangwa kwenye maboksi hadi darini, na chini kwenye kigoda amekaa mzungu mkubwa, mvi kichwani, magoti yamemfika kidevuni, anakula tambi.

Dada Lin akapanda ngazi kushusha boksi. Likamponyoka.

Boksi la vifungo si jepesi. Lingepasuka pale, tungeokota mpaka jioni. Suleiman alikuwa anaangalia simu. Sijui alilionaje. Aliinua mguu, akalipokea kwa juu ya kiatu, akashuka nalo polepole mpaka sakafuni. Halikumwaga hata kifungo kimoja. Akarudi kwenye simu yake.

Mzungu akaacha tambi.

Akamuuliza Suleiman kwa Kiingereza anacheza namba gani. Suleiman akajibu kipa. Yule mzee alicheka mpaka akaweka bakuli chini. Kisha akanitazama mimi, maana nilivaa jezi ya timu, akauliza nani kocha wa watu hawa. Nikamwambia hatuna kocha. Akasema hilo analiona.

Ndivyo tulivyokutana na Kocha Jelle. Jina la ukoo naliacha, hapendi kutafutwa.

Alikuwa mume wa Dada Lin, Mholanzi, miaka sitini na moja. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili. Chai ikaletwa. Akatusimulia maisha yake, na kila alipofika mahali pa mpira akachukua vifungo akavipanga mezani: vyeupe timu yake, vyeusi wapinzani. Nawawekea kwa Kiswahili alichosema kwa Kiingereza.

Kwao ni kijiji cha ng'ombe wa maziwa. Akiwa na miaka kumi na saba klabu ya mji wa jirani ikamchukua kuwa mshambuliaji. Akacheza miaka kumi na saba, mingi daraja la pili, miwili mitatu daraja la kwanza. Hakuwa nyota. Alisema yeye alikuwa straika wa aina ya kusubiri: anasimama mahali ambapo mpira utafika baadaye. Alituonyesha kwa kifungo kimoja cheupe, akakiacha peke yake pembeni ya vyeusi vinne, akasema hawa wote wanautazama mpira, huyu anautazama uwazi.

Akiwa na miaka thelathini na nne klabu ikafilisika nusu, ikashindwa kuajiri kocha. Wakampa yeye. Mchezaji na kocha kwa pamoja.

Akasema kazi ya kwanza ya kocha ni kumwambia straika wake hapana, kwa sababu straika kila siku anadhani goli linakuja. Na straika wake alikuwa yeye mwenyewe. Mechi ishirini na kitu alijipanga. Mechi ya mwisho walihitaji sare tu wasishuke daraja. Benchi alikuwa na mchezaji mzuri, mzima. Alijipanga yeye. Akakosa goli la wazi mara mbili, wakafungwa, klabu ikashuka.

Miaka miwili baada ya hapo hakugusa mpira. Alipaka rangi nyumba za watu. Kisha akaanza upya na watoto wa kijijini, akaenda kwenye timu ya wakubwa, akafundisha nchi mbili tatu ndogo, akapandisha timu mbili daraja, mwishowe akaja Guangzhou kufundisha kwenye akademi ya vijana. Akaingia Zhongda kushonesha bendera za kona, akamwona Dada Lin. Hajaondoka tena.

Nilicheka sana siku ile wakuu. Nikasema huyu mzee ana visa. Nilidhani anatusimulia habari zake.

Jumapili iliyofuata akaja uwanjani kwetu, bure, na filimbi yake. Sasa sikilizeni kilichotokea.

Kocha akasema mzunguke uwanja mara kumi.

Watu wakasimama. Rama, winga wetu, anayeuza vifaa vya simu pale Dengfeng, akakunja uso na kumwambia "tai gui le", yaani ghali mno, kama anavyomwambia mwenye duka. Akasema mizunguko minne. Mwingine akasema tufanye mitano kocha, tupo wengi. Mbwana, mpishi wa mgahawa wetu, mtu wa Tanga mwenye mwili wake, akaanza kuondoka polepole huku anatazama nyuma kama ataitwa. Wakuu, tulikuwa tunapunguziana bei ya kukimbia.

Mholanzi wa watu akapotea kabisa. Alimtazama kila mmoja akidhani ni uasi. Akaondoka hajatufundisha kitu, nikajua hatarudi.

Jumapili nyingine akarudi. Baadaye nilisikia mkewe ndiye aliyemweleza kwamba anayepunguza bei ana nia ya kununua. Kocha akapuliza filimbi, akasema mara ishirini. Tukapiga kelele. Tukaanza na mitatu. Akashuka kumi na tano, akashika kichwa, akasema mnaniua. Akaondoka hatua tatu, akarudi. Tukafunga bei kwenye minane, tukakimbia yote minane tukicheka, tunaona tumempiga. Alikuwa anataka sita.

Tangu siku hiyo tukawa timu.

Alituhamisha karibu wote. Beki akawa kiungo, kiungo akawa beki. Mbwana akafundishwa kudaka, Kocha akasema mpishi amezoea vitu vya moto vinavyomjia usoni. Na kwenye mazoezi Suleiman alitolewa golini akachezeshwa mbele. Nilimtazama. Alikuwa anasimama mahali hapana mtu, na sekunde mbili baadaye mpira unafika pale pale.

Lakini siku ya mechi alirudi golini, na mimi nikarudi namba tisa. Kocha aliacha iwe hivyo. Nilimfuata mara moja nikamuuliza waziwazi anaonaje upande wangu. Akaniambia yeye ni mgeni, jezi ni zangu. Akaongeza kuwa akinitoa yeye, nitakachojifunza ni kumchukia Mholanzi.

Nikamwona mwoga kidogo. Mnisamehe.

Kombe likaanza. Tukavuka makundi, tukashinda nusu fainali kwa penalti ambazo Suleiman alidaka mbili. Mimi sikufunga mechi zote hizo. Fainali: sisi na Wakongo.

Jumatano kabla ya fainali Kocha Jelle akaja ofisini. Akademi ilimtuma apeleke vijana kwenye mashindano mji mwingine, asingekuwepo Jumapili. Akaniwekea mezani kifuko cha vifungo vyeupe. Akasema wewe ndiye kocha siku hiyo, panga. Nikamuuliza anashauri nini. Akasema ameshanishauri, nikumbuke ni lini. Akaondoka.

Ijumaa baada ya swala nikajifungia ofisini, nikavimwaga vifungo juu ya fomu za mizigo.

Kifungo cha kwanza nilichokiweka kilikuwa changu. Mbele, katikati. Kisha nikapanga wengine. Huyu nikamweka kulia kwa sababu ana mbio. Huyu nyuma kwa sababu ana kichwa. Huyu hapa kwa sababu hapaniki. Kumi nikawapa sababu. Nikarudi kwenye kile cha kwanza, nikakitafutia sababu. Nilikaa pale hadi wateja wakaanza kugonga. Sababu pekee niliyopata ni kwamba jezi nilinunua mimi.

Nilijua, wakuu. Nataka mlielewe hili, kwa sababu ndipo penye somo. Si kwamba sikujua.

Lakini miaka minane ya mtu haitoki kama kadi ya simu. Nikitembea Dengfeng watoto wa wenye maduka wananiita Tisa. Mama yangu kule Temeke huwaambia majirani mwanangu ni mchezaji huko China. Nikiivua ile jezi, nabaki nani? Bwana mmoja wa cargo mwenye magoti mabovu. Hilo ndilo nililokuwa nalilinda, nikaliita uzoefu.

Jumapili ikafika. Jua, uwanja umejaa. Mbwana alikuja na masufuria yake na jiko la gesi, kwa sababu tulikubaliana atakayeshinda na atakayeshindwa watakula pilau pamoja. Akaweka jiko pembeni ya benchi letu, akaliwasha kabisa, akavaa na jezi ya kipa wa akiba.

Tukiwa tunapasha, Papa Trésor akapita karibu nami, mikono nyuma.

"Tisa, mukubwa," akaniambia, "leo uko unacheza ao umekuja tu kuchunga jezi yako?"

Wenzake wakacheka. Wetu wachache nao wakacheka, wakajifanya wanakohoa.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ni mfanyabiashara tu anayeweza kulifanya. Nilikaa chini nikafunga viatu, nikaanza kujadiliana bei na nafsi yangu.

Jibu sahihi lilikuwa dakika sifuri. Nikaanza na kumi. Nafsi ikasema mbona kipindi kizima ni thelathini na tano, twende zote. Nikasema ghali. Tukakubaliana ishirini. Niliridhika kabisa, kama mtu aliyepata bidhaa kwa bei poa. Nikaingia.

Dakika ya ishirini ilifika, nikatazama saa. Hatujafungana. Nikajiongezea tano. Tano zikaisha, nikajiambia kidogo tu.

Dakika ya ishirini na nane Rama akamvuka beki wao upande wa kulia, akapiga krosi nzuri sijapata kuiona tangu nifike mji huu. Ilinijia chini, taratibu, lango wazi, kipa wao ameanguka. Akili yangu ilifika mapema. Goti lilikuwa bado lipo njiani. Mpira ukapita mbele ya kiatu changu, beki wao akauokota, pasi tatu, wakaenda upande wa pili, wakafunga.

Nilisimama pale pale niliposimama.

Hakuna aliyenisema. Wangenitukana ningepona. Badala yake kila mmoja akarudi mahali pake akitazama nyasi. Suleiman aliutoa mpira nyavuni, akanipigia makofi kutoka mbali, akasema haidhuru shekhe, haidhuru. Kijana aliyetoka kufungwa kwa kosa langu ananituliza mimi.

Filimbi ya mapumziko ikalia, moja bila.

Tukakaa kwenye nyasi karibu na lile jiko. Kumi na tano, wote wanatazama viatu vyao. Nikagundua wanasubiri kocha aongee. Kocha ni mimi.

Nikavua jezi.

"Vaa," nikamwambia Suleiman.

Alirudi nyuma kidogo. "Miye? Shekhe, jezi ya mwenyewe haivaliwi."

"Mwenyewe ndiye anayekupa."

"Basi n'tacheza dakika kumi, kisha n'takurejeshea."

Nusura nikubali, wakuu. Dakika kumi ni bei nzuri. Nikajisikia nafungua mdomo niseme tufanye kumi na tano. Kisha nikamjibu kama wanavyotujibu wenye maduka wakichoka na sisi.

"Bu xing," nikasema, yaani haiwezekani. "Bei moja. Mpaka mwisho."

Watu wakacheka, na kile kimya kikavunjika. Suleiman akaivaa, imelowa jasho langu. Nikamwambia Mbwana aingie golini. Mbwana akatazama jiko, akatazama lango.

"Bosi, na wali nani atauangalia?"

"Nitauangalia mimi."

"Usikoroge," akasema. "Funika tu. Usikoroge."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya ukocha: kifua wazi, mwiko mkononi, pembeni ya sufuria.

Sasa niwaambie kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia. Ukiwa ndani ya uwanja unaona mpira. Ukiwa nje unaona mchezo. Dakika tano hazikuisha nikaona kitu ambacho kwa miaka minane sikukiona. Beki wao wa kushoto alikuwa anapanda kushambulia kila wakipata mpira, kwa sababu miaka yote alijua namba tisa wetu hawezi kumkimbilia mgongoni. Nyuma yake kulikuwa na kiwanja kizima. Unaweza kuegesha container pale.

Nikamwita Suleiman mpira ulipotoka. Nikamwambia usikae katikati, nenda kasimame pale, hata kama unajiona mjinga. Akaenda. Alikaa kama dakika sita hana kazi, mikono kiunoni, mashabiki wao wanamtania kwamba anasubiri basi.

Kisha beki wetu akapiga mpira mrefu kwa kubahatisha. Suleiman aliupokea hewani kwa juu ya kiatu, ukashuka naye mpaka chini kama ulikuwa wake tangu utotoni. Hatua mbili. Kona ya mbali. Moja moja.

Nilirusha mwiko. Sijui uliangukia wapi.

Dakika zikaenda. Wakongo wakaanza kumwekea watu wawili, wa tatu akisaidia. Zikibaki kama dakika nne, Suleiman akachukua mpira pembeni pale pale, wote watatu wakamwendea. Mimi ningepiga, niseme ukweli. Miaka minane, chochote kilichonifikia nilipiga. Yeye aliinua kichwa, akautuma katikati, chini, polepole. Rama alikuwa peke yake. Rama ambaye katika miaka yote hiyo nadhani nimempa pasi mara mbili, na moja ilikuwa ya bahati mbaya.

Rama akaingia na mpira mpaka ndani ya nyavu na yeye mwenyewe.

Mbili moja.

Dakika za mwisho ni Mbwana. Papa Trésor alipiga shuti moja la karibu sana. Mbwana hakudaka. Alilipokea kwa tumbo, akakaa chini nalo, akalikumbatia, akakataa kuinuka mpaka refa akamwomba. Filimbi ikapulizwa akiwa bado amekaa.

Nimeifungia timu hii magoli mengi, wakuu. Hakuna hata moja lililowahi kunitoa machozi. Yale mawili ambayo sikuyagusa yalinitoa, mbele za watu, kifua wazi, na wali unanukia kuungua nyuma yangu.

Tulikula hivyo hivyo, wa juu juu, timu zote mbili kwenye nyasi. Mbwana alinipa ukoko, akasema huo ndio mshahara wangu. Papa Trésor akaja na sahani yake akakaa karibu nami.

"Mukubwa," akasema, "kila mwaka niko naomba Mungu weye usitoke. Leo alichoka kunisikia."

Ni mwaka huu tu nimejua kwamba kumbe kwa misimu miwili nilikuwa mchezaji bora wa Wakongo.

Kocha Jelle alirudi Jumanne. Nilimkuta dukani Zhongda kwenye kigoda chake. Matokeo alikuwa ameshayapata kwa Rama. Aliniuliza jambo moja tu, nilitoka dakika ya ngapi. Nikasema mapumziko. Akamgeukia mkewe akanyoosha mkono kama mtu anayedai. Kumbe walikuwa wamewekeana dau. Yeye alisema nitatoka dakika ya sitini. Dada Lin alisema sitoki kabisa. Aliyekaribia zaidi ni yeye, kwa hiyo jioni ile Dada Lin ndiye aliyenunua bata wa kuchoma, na nilialikwa.

Tukiwa tunakula nikamuuliza Kocha habari za yule mchezaji wa benchi, yule mzima ambaye hakumwingiza siku timu inashuka, aliishia wapi. Akasema wanaongea kila Krismasi. Jamaa sasa ana bustani ya maua. Hajawahi kumlaumu. Kocha akasema ndiyo maana kila Krismasi simu ya kwanza anayopiga ni ya huyo jamaa.

Sasa, wakuu, nilichojifunza. Nitakisema kwa urahisi.

Mtu akikutoa mahali, unapoteza mahali. Ukijua mwenyewe wakati umefika ukatoka kwa mkono wako, mara nyingi kuna mahali pengine palikuwa panakusubiri na hukupaona kwa sababu ulikuwa bize kulinda pale ulipo. Mimi sikuwa straika tena kwa miaka miwili. Lakini kumbe naweza kuuona mchezo, na hilo nisingelijua maisha yangu yote.

Na la pili, kwa sisi wa biashara: kuna vitu havipunguzwi bei. Ukijikuta unajadiliana na nafsi yako juu ya jambo ambalo jibu lake unalijua, simama. Umeshalipa nusu.

Kama upo mahali kama nilipokuwa mimi, iwe kwenye timu, duka, kamati ya msikiti au kwaya, usijione mjinga. Nilichelewa mimi, alichelewa Mholanzi aliyecheza mpira wa kulipwa. Si aibu kuchelewa. Vua tu jezi.

Kabla hamjauliza: Suleiman ameshaondoka na vitambaa vyake. Aliniachia jezi imefuliwa, imepigwa pasi, inanukia udi. Jumapili iliyopita nilimvalisha Mkenya mmoja anayenunua taa, mkorofi kidogo ila anakimbia. Jezi nanunua mimi kama zamani, ila namba anatoa kocha, na Kocha Jelle amekataa hiyo kazi. Anasema yeye ni msaidizi wangu. Anakuja na vifungo.

Nawaachia uwanja. Nani hapa amewahi kujitoa mwenyewe mahali alipopapenda, na alijuaje kwamba saa imefika? Na nani bado yupo ndani na anajua anapaswa kutoka? Semeni bila woga, hapa hatuchekani, au tukicheka tunacheka pamoja.

Na ukiwa njiani kuja Guangzhou, mazoezi ni Jumapili saa kumi jioni, Baiyun. Njoo na viatu tu. Namba utapewa ukifika, na hiyo haina mjadala.